Na Hii, Nani Ataibeba?

Tulipomaliza matanga ya Mama, shangazi zangu waliketi uani wakisubiri tugawane vitu vyake, kama desturi inavyotaka. Tukavitoa. Beseni moja la plastiki, vitenge viwili, kisu, sufuria, kandambili. Shangazi mmoja alichungulia ndani, akaangalia nyuma ya mlango, kisha akanigeukia kwa macho makali, utadhani nimeficha kabati zima chini ya sketi yangu. "Zingine ziko wapi?" akauliza. Hakukuwa na zingine. Mama alikaa Uvira, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, maisha yake yote ya ndoa, na alipotuacha, kugawana mali yake kulichukua muda mfupi kuliko kuchemshia wageni chai.

Siku hiyo nilicheka huku nalia. Lakini niliporudi kwangu nilishindwa kutulia. Nilizunguka kati ya makochi, meza ya vioo, friji inayofanya kazi umeme ukipenda, masanduku yaliyo juu ya kabati ambayo sijayafungua tangu tuhamie. Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena. Mume wangu aliniuliza natafuta nini, nikamwambia sitafuti kitu, na hiyo ndiyo ilikuwa kweli yenyewe. Wenzangu mliokulia kando ya ziwa letu miaka ile ya vita mtanielewa. Mtu unaweza kuzeeka, ukapata nyumba yenye geti, na miguu yako bado inasikiliza barabara.

Kwetu ilikuwa mtaa wa Rugenge, nyumba ya matofali mabichi yenye vyumba viwili, na sheria yake ilikuwa moja. Kitu chochote kilichotaka kuingia, kiwe cha kununuliwa, cha kupewa au cha kuokota, Mama alikisimamisha mlangoni na kuuliza: "Na hii, nani ataibeba?" Kama yupo mtu wa kukibeba siku ya kukimbia, kiliingia. Kama hayupo, kilienda kwa jirani. Sheria hiyo ilizaliwa baada ya vita vya kwanza, mimi nikiwa bado wa mgongoni. Watu wa nyumbani waliporudi kutoka msituni walikuta nyumba imekombwa mpaka vifuniko vya sufuria. Dada yangu Furaha alinisimulia kwamba Mama hakulia. Alisimama katikati ya chumba kitupu, akasema, "Muzuri. Sasa tunajua vitu gani haiko ya lazima."

Basi kila mtu alikuwa na mzigo wake unaojulikana. Furaha, niliyemwita Yaya kwa kuwa ni mkubwa wangu, mzigo wake ulikuwa Bahati, mdogo wetu aliyekuwa bado ananyonya. Wangu ulikuwa sufuria, na ndani yake chumvi, kiberiti, vikombe vya bati na kisu kilichofungwa kitambaa. Bibi yetu, mama yake Baba, ambaye sote tulimwita Koko, alipewa fimbo yake na shapule yake, rozari ya kusalia, kwa sababu nyonga yake ilikuwa mbovu na kutoka kitandani hadi uani kulimtosha. Baba alikuwa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, akitafuta kazi.

Sitaki mfikiri tuliishi vibaya. Kitenge cha Mama kilikuwa shuka, na asubuhi kilikuwa pazia la mlango, na siku ya soko kilikuwa mfuko wa unga. Beseni lilituogesha, likafua, likaloweka mihogo, na kila mara lilisuguliwa kwa majivu mpaka likasahau kazi yake ya kwanza. Bugali tulikula sahani moja, sombe ya majani ya mihogo kwenye sufuria, na vidole ndivyo vilikuwa vijiko. Kinu chetu kilikaa kwa jirani yetu Mama Neema, stuli yetu ilikaa kwa fundi wa viatu aliyekuwa kule Kasenga, na tulipovihitaji tulikwenda kubisha hodi kama watu wa kuomba. Mama Neema alipenda kututania. "Karibu! Umekuja kukopa kinu yenu?" alisema, na kinu alitupatia huku akicheka mpaka kanga ikamlegea.

Lakini mimi nilikuwa mtoto, na mtoto anapenda vitu. Baba aliwahi kumpa msafiri mmoja wa boti godoro la sponji atuletee, jipya, bado limo katika plastiki yake. Mama aliliacha uani mchana mzima. Tulilirukia, tukalinusa, Bahati akalikojolea, Koko akaketishwa juu yake kama mke wa chifu. Jioni Mama akalitazama kwa muda mrefu na mimi nikajua. "Na hii, nani ataibeba?" Nikapiga kelele kwamba nitalibeba mimi. Akanifungia godoro kichwani, akaniambia nitembee hadi kwenye bomba la maji. Nilitembea kidogo, upepo wa ziwa ukaligeuza, likanipeleka kwenye mtaro. Siku iliyofuata lilikuwa kwa Mama Neema aliyekuwa amejifungua, na mimi nilimchukia Mama kwa moyo wangu wote hadi chakula cha jioni.

Koko alikuwa upande wangu. Yeye alikuja kutoka bonde la Ruzizi na sanduku la bati lenye sahani zake za harusi, na hicho ndicho kitu pekee ambacho Mama hakuthubutu kukiuliza swali lake. Hawa wawili waligombana kila siku ya Mungu. Mama alikuwa mtu wa milimani, na wanawake wa kule wanabebea mgongoni: mzigo unakaa kiunoni, na kamba pana iliyosukwa, tuliyoiita mugozi, inapita chini ya mzigo na kushikwa na paji la uso. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alibebea wafanyabiashara magunia ya mihogo na makaa kutoka bandari ya Kalundu hadi sokoni, akitembea ameinama, macho chini. Koko, ambaye kwao mwanamke anabeba kichwani na shingo imenyooka, alikuwa anaona aibu.

"Kichwa ni ya kuweka mutungi," alimwambia. "Kwetu mwenye anafungwaka kamba ku kichwa ni ng'ombe."

"Na ng'ombe anafikaka, Mama," alijibu Mama, akiendelea kufagia.

Jumapili, baada ya misa, Mama alitupanga. Kila mmoja alichukua mzigo wake na tulitembea hadi daraja la Mulongwe na kurudi. Koko alibaki mlangoni na fimbo yake akitusindikiza kwa maneno. Watoto wa mtaa walitufuata wakiimba kwamba wakimbizi wa mazoezi wanapita. Yaya Furaha alitembea ameangalia mbele, akijifanya hatujui. Mimi nilishikilia sufuria yangu, vikombe vikigonga ndani, na nilipogeuka nilimwona Mama nyuma yetu, anatembea mikono mitupu.

Nilikuwa sijawahi kulifikiria hilo. Kila mtu ana mzigo, hata Koko, isipokuwa yeye. Nikamwuliza, "Mama, weye utabeba nini?"

"Minye niko na yangu," akasema, na akatazama upande mwingine.

Nilitafuta mzigo huo nyumba nzima. Katika nyumba ile kutafuta hakukuwa kazi, kulikuwa na mahali pachache pa kuficha kitu. Hakukuwa na kitu. Kisha nikamsikia Mama Neema akiongea na wanawake wenzake bombani, wakikumbuka vita vya kwanza, nani alifika wapi na nani hakufika. "Mwenye haiko na muzigo," alisema, "ndiye anafikaka wa kwanza." Wenzake wakaitikia kwamba ni kweli kabisa. Nilisimama pale na ndoo yangu, na mambo yote yakajipanga kichwani mwangu vizuri sana, kama yanavyojipanga kichwani mwa mtoto mwenye miaka saba. Mama alikuwa anatugawia mizigo yote ili yeye abaki mwepesi. Siku risasi zitakapolia atakimbia, na hakuna hata mmoja wetu atakayemkamata. Na Koko, mwenye nyonga mbovu, ambaye anagombana naye kila siku? Koko hakuandikiwa mtu wa kumbeba. Kwa sheria yetu wenyewe, kitu kisicho na wa kukibeba kilikwenda kwa jirani au kilibaki.

Tangu siku hiyo sikumwachia Mama hata nafasi ya kupumua. Nilimfuata sokoni, nilimfuata ziwani kufua, nilimsubiri nje ya choo nikimwongelesha ili nijue bado yumo. Shuleni nilikwenda nusu ya siku, mara nyingine nikatoroka kabla ya kengele, nikashuka mbio hadi Kalundu kumtafuta kati ya wanawake wote walioinama chini ya magunia. Nilimtambua kwa visigino. Wenzake wakanipa jina la Mukia. "Mama Furaha, mukia yako imefika," walimwambia, na yeye, chini ya gunia, alicheka bila kuweza kuinua kichwa. Hakunipiga. Alinipa kipande cha muhogo na nikatembea kando yake, nimeshika pindo la kitenge chake. Nilikuwa nimekonda. Koko aliagiza ninywe dawa ya minyoo.

Kwa Koko nilijaribu kuweka mambo sawa kwa njia yangu. Nilimwambia afanye mazoezi ya kutembea. Alinitazama kwa huruma.

"Minye siendi popote," akasema. "Minye nilishakimbia ya kutosha. Mukienda, muniache hapa na sanduku yangu."

Mama alikuwa anachagua mchele. Alisikia, na hakusema neno. Nikaona kimya kile ni kukubali.

Vita vilirudi asubuhi, watu wakiwa bado wanapiga mswaki. Kwanza ilikuwa milio ya mbali upande wa Kavimvira, halafu barabara ikajaa watu wanaoshuka kwenda kusini, na katika watu hao kulikuwa na meza, mbuzi, redio, mashine ya kushonea. Kwetu hakukuwa na kelele. Furaha alimfunga Bahati mgongoni. Mimi nilichukua sufuria. Mazoezi yale ya aibu yalitutoa nje kabla majirani hawajamaliza kuitana. Kisha nikasimama mlangoni nimeziba njia, kwa maana ilikuwa siku yenyewe sasa, na nilitaka kumwona Mama kwa macho yangu.

Koko alikuwa amekaa juu ya sanduku lake, shapule mkononi. Mama alichukua mugozi wake ukutani. Akamwendea Koko, akamgeuzia mgongo, akachuchumaa.

"Panda," akasema.

"Weye iko na wazimu? Minye ni mama ya bwana yako!"

"Panda, Mama."

"Sanduku yangu je?"

"Mama, panda."

Nasema kweli, Koko alitazama sanduku, akatazama ule mgongo, akatazama tena sanduku. Mlio mwingine ukapasuka, karibu zaidi, vumbi likadondoka kutoka dari. Akaegemea. Mama akamfunga kwa vitenge vyote viwili, akapitisha kamba chini ya makalio yake, akaivuta mpaka kwenye paji la uso, akaweka mkono mmoja chini, akainuka. Aliinuka taratibu, magoti yakitetemeka, na Koko, mwanamke wa bondeni aliyeringia shingo yake, akainuka naye kama mtoto. Nikatoka njiani wapite.

Tulifuata barabara ya Fizi, ziwa upande wa kushoto, milima upande wa kulia imetukaribia. Kadiri tulivyokwenda vitu vilianza kubaki. Nilivuka redio. Nilivuka magodoro yaliyolala mtaroni, mashine ya kushonea imelala ubavu, kabati zima limesimama barabarani na kioo chake kinachoonyesha watu wanaopita. Watu walipunguza vitu wakilia. Sisi hatukuwa na cha kupunguza. Isipokuwa Koko, ambaye tangu Kalundu alikuwa amelia kwa aibu na sasa alianza kuomba.

"Mama Furaha, unishushe. Utakufa juu yangu. Watoto ni wadogo. Vitu yote uliachaka, na minye uniache."

Mama hakusimama. Aliongea akitazama chini, kwa pumzi fupi.

"Sasa, Mama, minye nilikuwa nafukuza vitu mu nyumba sababu ya nini? Mugongo ni moja tu. Nilikuwa nakuwekea weye."

Koko akalaza shavu lake juu ya bega la Mama. Furaha, aliyekuwa mbele, alinigeukia na kuniangalia kama mtu anayesema, na weye ulikuwa unafikiri nini? Nilitazama ile kamba ilivyomzama Mama kichwani, na jasho lililokuwa linamtoka chini yake, na nilimpenda kiasi kwamba nilitaka kumuuma. Nikaona sasa hakuna tena jambo la kuogopa duniani. Kila kitu kilikuwa na mtu wa kukibeba. Nilianza hata kuimba, Furaha akanifokea.

Muda mfupi kabla ya kijiji cha Kigongo tulikuta toroli ya kubebea mchanga imeinama pembeni, gurudumu lake limepasuka. Ndani yake kulikuwa na bibi mmoja, mdogo wa mwili, amefungwa leso safi, amewekewa mto nyuma na sahani ya ndizi mapajani. Watu walimpita kwa mwendo wa haraka, wakitazama upande wa ziwa. Sisi tulisimama, kwa kuwa Mama alihitaji kuhema.

"Mujambo," alitusalimu, kwa adabu, kama aliyekaa barazani kwake. "Mipira ilivunjika. Wameenda kutafuta ingine."

Mama alimwomba Furaha achote maji. Tukampa bibi yule katika kikombe kimoja cha bati, akanywa yote. Mimi nilimtazama yeye, nikamtazama Mama chini ya Koko, Furaha chini ya Bahati. Nikauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, maana hilo ndilo swali nililolelewa nalo:

"Mama, na huyu, nani atamubeba?"

Koko alifumba macho mgongoni. Nikaona hawajanielewa. Nikaweka sufuria chini, nikaivuka, nikamwendea yule bibi na kumgeuzia mgongo, nikachuchumaa vile vile nilivyomwona Mama anafanya.

"Panda," nikamwambia. "Mikono yangu iko mitupu."

Alicheka. Nilihisi kiganja chake kwenye kichwa changu, kikavu, chepesi. "Kamata sufuria yako, mutoto wangu. Minye niko na wangu. Watarudi."

Nilimwamini. Alisema vizuri sana, tena alikuwa na sahani ya ndizi, na mtu hawekewi ndizi kama hatarudiwa. Mama alimwachia kikombe chetu. Alisema, "Tunaenda, Mama," naye akasema, "Mwende na Mungu," na tulipofika mbali niligeuka nikamwona bado anatupungia mkono.

Kigongo tulipata nafasi katika darasa la shule lililojaa watu. Mama alimshusha Koko juu ya kitenge. Shingo ya Mama ilikuwa imekataa kunyooka, alikunywa maji ameinama vile vile, Furaha akimshikia kikombe. Kisha akaokota mugozi, akatoka. Nilimwona akishika barabara, akikata katikati ya watu wote waliokuwa wanakuja, anakwenda kule tulikotoka. Mwanzo alitembea, halafu akaanza kukimbia. Alikuwa hana kitu mgongoni, na alikimbia haraka sawasawa kama nilivyoogopa siku zote zile. Nilipiga mayowe. Furaha alinikamata kiuno na kunikalia, hasa kunikalia, mpaka nikachoka.

Jua lilikuwa limeshapita nyuma ya milima aliporudi. Mgongo ulikuwa mtupu.

"Nilikuta toroli tu," akasema.

"Basi watu wake walirudi," akasema Koko.

"Labda."

"Si wasingeacha toroli yao?" nikauliza mimi, na Furaha akanifinya.

Tulikaa pale muda. Kila siku watu wapya waliingia, na kila walipoingia Mama aliacha alichokuwa anafanya, akaenda kati yao, akiwatazama vikongwe mmoja mmoja chini ya leso zao. Alitoka darasani hadi kanisani, kanisani hadi ufukweni, akarudi, akakaa, akasimama tena. Wengine walimwuliza anamtafuta nani, ni nani yake, anaitwa nani, na yeye akapita kwa mwingine. Siku moja Koko alishindwa kuvumilia.

"Mama Furaha, kaa chini. Unatafuta nani, na minye niko hapa?"

Mama akakaa. Akaweka mikono juu ya magoti, akaitazama.

"Sikumuulizaka hata jina," akasema.